Dago la Naivasha: kuwapeleka watoto kulala hemani Kenya

Mama mkwe aliposikia tunakwenda kulala hemani Kenya alishika kiuno. "Nyumba mnayo, vitanda mnavyo, mnakwenda kujifanya wakimbizi?" Nikamwambia, "Mama, ni dago tu." Akacheka, maana dago ni kambi ya wavuvi, na marehemu mumewe alikuwa mvuvi na alikuwa akihama na sufuria na unga, akilala ufukweni wiki nzima nzima kufuata samaki. Kwa hiyo mwenzangu wa Pemba, jina la kulala hemani lisikutishe. Ukijua dago, nusu ya kazi unaijua. Nusu ya pili ni baridi, na hiyo ndiyo iliyotutia adabu.

Safari yenyewe haina mengi. Kila mtoto awe na hati yake ya kusafiria. Sisi tulivuka hadi Tanga, tukapita Horohoro kwa basi mpaka Mombasa, tukapanda treni hadi Nairobi, kisha matatu, yaani daladala za Kenya, hadi Naivasha. Mtungi wa gesi usiubebe, nunua huko huko.

Kabla ya yote hayo, lisimamishe hema uani kwako, tena usiku, kwa tochi. Sisi letu tuliliazima na hatukulifungua mpaka Naivasha, magharibi imeshaingia na watoto wana njaa. Fito zilikuwa za urefu wa aina mbili: ndefu za kupishana juu, na moja fupi ya kibaraza cha mbele. Baba watoto akaanza na ile fupi. Hema likakaa kama kuku aliyenyeshewa. Kijana wa pale kambini ndiye aliyetuonyesha, na akatufundisha kwamba kigingi hakipigwi wima. Kilaze kidogo, kichwa kitazame nje, mbali na hema, ili kamba ikivutwa na upepo kisichomoke.

Sasa baridi. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, nasi tulikwenda likizo ya Juni. Kitindamimba wangu aliona pumzi yake ikitoka kama moshi, akauliza nani anavuta sigara. Nilikuwa nimetandika mkeka mmoja, nikawafunika mablanketi mawili mawili, nikajiona mama hodari. Saa tisa usiku wote wanatetemeka. Kosa ni kwamba baridi kali inatoka chini, ardhini. Nikachana katoni za chupa za maji nikazitandaza, juu yake blanketi moja, wao wakalala hapo na lile la pili wakajifunika. Wakalala mpaka alfajiri. Basi ukipanga mizigo, fikiria kwanza cha chini: magodoro membamba ya sponji, maboksi, majamvi. Soksi na kofia usiziache, na nguo za kulalia ziwe kavu, si zile zilizoshinda na jasho.

Ukihisi baridi usije ukaingiza jiko la makaa ndani ya hema, hata kwa dakika tano. Ile hewa yake ya sumu hainuki, na inamuua mtu usingizini. Vidirisha vya juu navyo viache wazi kidogo, la sivyo pumzi zenu zitageuka maji na kuwadondokea. Maji ya udhu wa alfajiri nilikuwa nayachemsha usiku na kuyatia katika chupa ya chai. Kibla kule ni kaskazini ikielemea mashariki kidogo.

Chagua kambi yenye uzio upande wa ziwani. Viboko hutoka majini usiku kula majani, na huyo si mnyama wa kukutana naye ukienda chooni. Tuliwasikia wakiguna, sauti kama mzee anayecheka ndani ya kisima. Mchana adui ni tumbili. Mkate wetu wa kumimina, uliotoka Wete salama, waliuchukua nikiwa nimegeuka kukoroga chai. Chakula chote kiwe ndani ya ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Siku ya pili nendeni Hell's Gate. Ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli, na watoto waliwapita pundamilia na twiga kwa kanyaga yao wenyewe. Lakini tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya hifadhi za taifa. Ndiyo maana zile katoni zangu za maji zilifaa kwa kutandika tu. Beba chupa za bati za kujaza tena.

La mwisho: asubuhi ya kuondoka lianike hema mpaka umande ukauke ndipo ulikunje. Letu tulilikunja bichi kwa haraka ya matatu. Kulifungua Wete, lilinuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nimelifua mara mbili, nikalianika siku tatu, nikalirudisha. Mwenyewe hajaniuliza kitu, nami sijamwambia.