Redio ya mawasiliano kwenye ndege unayojijengea: anza na antena, redio yenyewe itafuata

Watu wengi wanaojenga ndege zao wenyewe wanaiacha redio mpaka mwisho kabisa, hela ikishaishia kwenye injini na propela, halafu ndo wanafungua katalogi na kuchagua kwa kuangalia bei na wati. Mi nilifanya hivyohivyo na ikanila miezi. Ndege yangu ni ya mbao na kitambaa, redio ilikuwa mpya, kioo kinawaka vizuri, kwenye hedseti najisikia mwenyewe safi tu, ukiacha kamluzi kadogo kila nikibonyeza kuongea ambako nilikapuuza. Siku moja rubani mwingine aliyekuwa hewani muda ule akatua, akaja kwa miguu mpaka nilipopaki akaniambia ndugu yangu, tunasikia unabonyeza ila maneno hayatoki. Redio haikuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa langu, antena nilikuwa nimeifunga kwenye ubao mkavu bila chuma chochote chini yake.

Kwa hiyo kabla hujauliza redio gani, jiulize ndege yako imejengwa kwa kitu gani. Antena ya kawaida ni fimbo ya robo ya wimbi, na kwa masafa tunayoongelea, megahezi 118 mpaka 136.975, hiyo robo inakuja kama sentimita 59 pale katikati ya bendi, ila fimbo ni nusu tu ya antena, nusu nyingine ni chuma kilicho chini yake, wenyewe wanaita graundi pleni. Ndege ya bati la aluminiamu inayo tayari, unatoboa tundu, unakwangua rangi pale kitako kinapokaa ili chuma kiguse chuma, umemaliza. Ya mbao, kitambaa au faibaglasi lazima uitengeneze mwenyewe. Mi nilikata vipande vinne vya foili ya shaba, upana wa vidole viwili, urefu sentimita 60 kila kimoja, nikavibandika kwa ndani vikitawanyika kama msalaba kutoka kwenye kitako cha antena, na vyote nikavilehemu kwenye kibati kidogo pale katikati. Kamluzi kakaisha siku hiyohiyo! Kumbe yale mawimbi yaliyokosa pa kukanyaga yalikuwa yanarudi kwa juu ya kebo mpaka kwenye waya wa maiki.

Faibaglasi ina njia nyingine nzuri zaidi, antena ya daipoli (yenye mikono miwili, kila mmoja robo ya wimbi) iliyofichwa ndani ya mkia wa wima, haihitaji graundi pleni na haikamati upepo. Ila usiifiche ndani ya kaboni faiba hata siku moja, kaboni inapitisha umeme na inaziba mawimbi, kwa kaboni antena inakaa nje.

Kebo nayo, ule waya unaounganisha antena na redio. Wengi wanatumia aina ya RG-58 kwa sababu ni rahisi kupata, na kiukweli kwa mita tatu nne upotevu wake si mkubwa. Mi napendekeza RG-400 kwa sababu nyingine: ina matabaka mawili ya kinga kwa hiyo haivuji wala haiokoti kelele, na plastiki yake inastahimili joto, wakati ya RG-58 inalainika ukiipitisha karibu na joto la injini na ikiungua inatoa moshi mbaya. Kichwa cha BNC, kile cha kuchomeka na kuzungusha mwishoni mwa kebo, kikrimpu (kibane) kwa kifaa chake, usitumie koleo la kawaida. Ukimaliza azima mita ya SWR, inayoonyesha nguvu kiasi gani inarudi badala ya kutoka kwenye antena, upime chini, katikati na juu ya bendi. Ukipata chini ya 2 pote uko vizuri, ukiona 3 au zaidi rudi kwenye antena kwanza kabla hujailaumu redio. Wakati wa kupima sikiliza kama chaneli iko kimya, bonyeza sekunde chache tu uachie, na 121.5 usiiguse kabisa, hiyo ni ya dharura.

Haya sasa redio yenyewe. Kitu cha kwanza ni nafasi ya chaneli. Redio za zamani zinaruka kilohezi 25 kwa 25, unapata chaneli 760, mpya zinagawa kila nafasi mara tatu, kilohezi 8.33, unapata 2,280. Kwa Ulaya 8.33 ilishakuwa lazima kwa ndege karibu zote toka mwanzo wa 2018. Redio ya 25 haiwezi hata kuandika namba kama 118.005, kwa hiyo ukikuta mtu anauza redio ya mitumba kwa bei ya kutupa jua kwa nini anaitupa. Hata kama unaporukia bado wanatumia 25, mi ningenunua ya 8.33, inafanya zote mbili.

Wati zisikuchanganye. Haya mawasiliano yanakwenda kwa mstari wa kuonana, ukiwa mita 1,000 juu upeo wako kwa mtu aliye chini ni kama kilomita 130, baada ya hapo dunia yenyewe inakuziba hata uwe na wati mia. Na kuongeza umbali mara mbili unahitaji nguvu mara nne, kwa hiyo kutoka wati 6 kwenda 10 unaongeza chini ya theluthi ya umbali, na hiyo ni kwenye karatasi. Kinachokuuma ni umeme. Redio ya wati 6 ikiwa inasikiliza inakula chini ya nusu ampea, ukibonyeza inaruka mpaka ampea mbili tatu, na kama huna alteneta (ile inayozalisha umeme kwa nguvu ya injini) au yako ni ndogo piga hesabu ya betri kabla hujanunua. Soma pia volti ya chini kabisa ambayo redio bado inarusha sauti, maana siku alteneta ikifa ndo siku utakayoihitaji, na hapo betri itakuwa inashuka.

Umbo: kuna zinazoingia kwenye tundu la mviringo la milimita 57 kama kipimo kingine chochote, kuna zile pana za kupanga moja juu ya nyingine, na kuna ambazo boksi linakaa nyuma ya kiti na kichwa kidogo tu ndo kinaonekana kwenye paneli. Ndege ndogo nyingi zinafaa na ya mviringo. Usiagize kabla hujapima kina cha nyuma ya paneli pamoja na plagi na mkunjo wa kebo, hapa watu wanaumia sana, tundu linakaa poa halafu nyuma kuna nguzo au tangi.

Kingine ambacho katalogi haikuambii ni mkono wako. Ukipata nafasi ishike redio ya mtu, vaa glavu, fumba macho, jaribu kuzungusha namba na kubadilisha kati ya chaneli inayotumika na inayosubiri. Hewa ikiwa inarusharusha ndege hutaki menyu tatu ndani ya menyu. Kipeleke kioo juani uone kama unasoma. Na kama mnaruka wawili hakikisha ina intakomu ndani, ya kuongea wenyewe kwa wenyewe, na iwe na uwezo wa kusikiliza chaneli ya pili huku uko kwenye ya kwanza, ukishaizoea hiyo utashindwa kurudi nyuma, unapata taarifa za uwanja unaoendea bila kuaga unaoongea nao.

Kelele inaletwa na nyaya kuliko redio. Soketi za hedseti zisiguse chuma cha paneli, weka washa (vile vipete vya kuwekea chini ya nati) za nailoni, na kinga ya waya wa maiki iunge upande mmoja tu, pale kwenye redio. Nyaya za sauti zisilale pamoja na za mwasho wa injini au za taa za kumetameta, kama lazima zikutane zikatane msalaba. Ukisikia mlio unaopanda na kushuka kwa kufuata mzunguko wa injini, chomoa antena huku unasikiliza (usibonyeze kuongea ikiwa imechomolewa). Kelele ikipotea inaingia kwa antena, ikibaki inaingia kwa waya wa umeme au wa maiki. Hilo jaribio la dakika moja limeniokolea wikendi nyingi.

Antena ya GPS iweke mbali na ya redio kadri unavyoweza. Redio ikirusha inavuja kidogo pia kwenye mazidisho ya masafa yake, na masafa kama 121.150 na 131.275 ukiyazidisha, la kwanza mara 13 na la pili mara 12, yanaangukia karibu kabisa na 1575.42 ya GPS, ndo maana kuna watu ramani inapotea kila wakiongea kwenye chaneli fulani tu na hawajui kwa nini.

Redio ya mkononi kuwa nayo, ila iwe ya akiba. Antena yake ya mpira ndani ya ndege inasikia vizuri lakini kurusha ni shida, wewe acha kipande cha kebo chenye BNC karibu na goti ili uweze kuiunganisha na antena ya nje kama ile kubwa ikikufia.

Ukishafunga kila kitu mpange mtu abaki chini na redio, ruka mpaka kama kilomita 20 hivi kutoka alipo, ongeeni kwenye chaneli iliyo huru, zunguka duara moja taratibu ukihesabu moja mpaka tano kila baada ya nyuzi 45, yeye aandike anakusikiaje. Upande ukififia angalia ni nini kimesimama kati ya antena na yeye, mara nyingi utakuta ni mguu wa tairi au bomba la ekzosi.