Kujiandaa kupanda Lushoto kwa baiskeli ukiwa Mwanza, ambako hakuna mlima mrefu

Mombo, ambako kupanda kunaanzia, iko karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari. Lushoto iko karibu mita 1,400. Kati yake kuna lami ya kilomita 33 hivi, inajikunjakunja ubavuni mwa milima ya Usambara na kupitia Soni. Ukigawanya unapata wastani wa asilimia 3, na mtu wa Mwanza aliyezoea kupanda vilima vya Bugando au Isamilo na mzigo kwenye keria atacheka: hiyo nayo ni kupanda? Wastani unaficha mengi, kuna vipande vikali na vipande vya kupumua. Lakini ukali siyo shida yenyewe. Bugando unaipanda dakika chache, unafika juu unatweta, unashuka. Kwenda Lushoto mtu wa kawaida anakanyaga pedali kwa saa tatu, pengine nne. Na kama mpango wako ni kuendelea hadi Magamba na kufuata ukingo wa milima mpaka Mtae, Lushoto ni kifungua kinywa tu.

Vilima vyetu vya mawe vimetufundisha kushambulia. Mlima mrefu unataka mtu anayejua kujizuia, tena tangu kilomita ya kwanza. Karibu kila zoezi ninaloeleza hapa ni la kuitoa tabia hiyo miguuni, halafu kichwani, ambako ndiko ilikojificha.

Mimi ni mchuuzi wa dagaa Mwaloni, pale Kirumba. Nina miaka arobaini na kitu, magoti ya kawaida na baiskeli ya mtumba. Kocha sina. Soko letu linaamka alfajiri, kwa hiyo mazoezi yangu ni ya mchana, jua likiwa utosini. Hilo nimeligeuza kuwa faida, maana Mombo kuna joto hasa. Wewe jipe miezi mitatu au minne. Kama una presha, kisukari au kifua kinachobana ukipanda ngazi, anzia kwa daktari kabla ya kwenda kwa fundi.

Anza na gia

Hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele. Hesabu meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Ya nyuma isiwe na meno machache kuliko ya mbele, na ikiwezekana iyazidi. Mbele 28 na nyuma 28 maana yake pedali ikizunguka mara moja, tairi nayo inazunguka mara moja. Mimi niliomba nyuma iwe 34. Fundi wangu wa Mabatini, mzee ambaye nusu ya mji tunamwita babu, aliigeuzageuza ile gia mkononi.

“Mama, hii unataka kupandia ukuta?”

“Kupandia Lushoto, babu.”

“Kwa nini usiende na basi?”

Aliifunga, akanibadilishia na cheni, kwa sababu cheni kuukuu kwenye gia mpya inarukaruka. Vijana watakuambia gia nyepesi ni ya wazee. Waache. Kwa gia nzito unapanda kwa magoti, kwa gia nyepesi unapanda kwa pumzi, na pumzi inarudi haraka kuliko goti.

Siti nayo iangalie. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjika kidogo tu. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi siti iko chini mno. Likiuma kwa nyuma, iko juu mno. Pandisha au shusha kidogokidogo, upana wa kucha, halafu uendeshe siku kadhaa kabla ya kugusa tena. Na usivae chupi ndani ya kaptura yenye sponji. Mshono wake ndio utakaokuchubua. Paka mafuta ya mgando, fua kaptura kila ukitoka. Dada zangu mnaopita vijijini na hampendi kuangaliwa: kanga juu ya kaptura inafaa, ila ifunge kiunoni na iwe fupi, isije ikaliwa na cheni.

Kutengeneza mlima ambao hatuna

Njia ya kwanza ni kurudia. Tafuta kilima chenye lami nzuri na magari machache, ukipime kwa programu ya simu ujue kina mita ngapi kutoka chini hadi juu. Kikiwa na mita 60, kukipanda mara 10 ni mita 600. Kazi ni hii: mara ya mwisho utumie muda uleule uliotumia mara ya kwanza. Basi. Panda umekaa, gia nyepesi, uwe unaweza kutamka sentensi nzima bila kukatika. Mimi huwa nasalimia watu kwa sauti, “Mwadila!”, na kama salamu inatoka nusu najua nimezidisha. Usisimame juu kushangaa ziwa. Geuza, shuka, anza tena. Watoto wa mtaa watahesabu kwa niaba yako, na hawatakuibia hata moja.

Lakini kurudia kuna upungufu: kila ukishuka, miguu inapumzika. Mlima wa kweli haukupi hiyo nafasi. Ndiyo maana ninaupenda upepo kuliko kilima. Hapa pwani ya ziwa, mchana upepo hutoka ziwani kuelekea nchi kavu, usiku na alfajiri hugeuka. Ukitoka saa nane mchana ukielekea ziwani, tuseme upande wa Igombe, unakutana nao usoni. Weka gia ya wastani, kanyaga saa nzima bila kuacha pedali itulie hata kwenye mteremko. Ukifika mteremko, shika breki kidogo uendelee kukanyaga. Mtu atakayekuona atajua umechanganyikiwa. Dakika ya arobaini ndipo mgongo wa chini, viganja na mabega vinapoanza kulalamika, na hivyo ndivyo vinavyowaangusha watu Usambara kabla ya mapaja. Anza na dakika ishirini, ongeza taratibu wiki hadi wiki.

Njia ya tatu ni safari ndefu, mara moja kwa wiki, siku usiyo na biashara. Ninayoipenda ni mzunguko wa Sengerema: unatoka mjini kwa Nyegezi na Mkolani, Usagara unakata kulia, unavuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025, unafika Sengerema, kisha unarudi kwa Kamanga na kivuko kinakushusha mjini. Daraja lina urefu wa kama kilomita 3 na upepo wa pale hauna pa kujificha. Uzuri wa mzunguko huu ni kwamba ukishafika Sengerema, kwenda mbele ni kufupi kuliko kurudi nyuma, kwa hiyo wazo la kughairi linakosa nguvu. Kaa pembeni mwa barabara, vaa kitu kinachong'aa, na lori likipiga honi nyuma yako, toka kwenye lami bila kubishana.

Kwa wiki: siku moja ya kilima, siku moja ya upepo, siku moja ndefu. Safari ndefu ianze na saa mbili, ikue mpaka saa sita. Usiongeze kwa pupa, sehemu moja ya kumi kwa wiki inatosha, na kila wiki ya nne punguza mwili ujijenge. Siku nyingine mbili fanya mazoezi ya nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka kwenye tofali mguu mmoja mmoja, na kujishikilia kwa viwiko tumbo likiwa limekaza. Kubeba magunia hakuhesabiki. Nimeuliza.

Ukirudi umeloa jasho na ziwa liko pale linang'aa, usiingie kunawa miguu kwenye maji ya ufukweni. Kichocho kipo.

Chakula cha njiani tunacho

Kwa safari ndefu mwili unataka kama gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu ya wastani ina kama 25, kwa hiyo mbili kwa saa zinatosha wengi. Ila ndizi inapondeka mfukoni. Kitu bora kabisa cha baiskeli ninachokijua ni matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakatwa na kukaushwa. Havipondeki, haviyeyuki, vinatafunwa polepole vikitoa utamu, na mfuko mmoja unakufikisha Lushoto. Michembe iache nyumbani, hiyo inataka kupikwa. Anza kula nusu saa ya kwanza, kabla ya njaa. Njaa ikishafika mlimani, kula kwako ni kwa kuchelewa.

Maji, pima. Mimi napanda mzani wa sokoni kabla ya safari na baada yake. Kila kilo iliyopotea ni kama lita moja ya maji ambayo hukunywa. Wengi hukuta nusu lita kwa saa ndiyo ya chini kabisa, na kwenye joto wanataka zaidi. Chupa moja iwe maji matupu, nyingine iwe na sukari na chumvi kwa kipimo cha maji ya kuhara: kwa lita moja, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chochote utakachokula siku yenyewe, kiwe umekila kwenye mazoezi. Mlimani siyo mahali pa kujaribu chapati ya mgeni.

Kichwa

Kuna saa mlimani ambapo hakuna kinachouma hasa, ila kila kitu kinachosha na kona inayofuata inafanana na iliyopita. Hapo watu hushuka kwenye baiskeli. Dawa yake inaandaliwa Mwanza.

Zoea kuchoka peke yako. Angalau safari moja kwa wiki iwe bila muziki na bila mwenzako wa kupiga soga. Chagua barabara ya kuchosha, kama ile tambarare ya kwenda Magu baada ya Kisesa, ukae na mawazo yako. Utagundua kwamba hamu ya kusimama inakuja, inakaa dakika kadhaa, inaondoka. Mtu aliyekwisha kuiona ikiondoka mara nyingi haiogopi.

Amua mapema nini kitakusimamisha. Chukua karatasi, andika pande mbili. Upande mmoja: maumivu ya kifua, kizunguzungu, kutetemeka na baridi wakati jua linawaka, breki mbovu. Hayo yakitokea unasimama bila mjadala. Upande wa pili: joto, uvivu, kupitwa na bodaboda, kupitwa na mtoto wa shule mwenye baiskeli isiyo na gia. Hayo hayakusimamishi. Gundisha karatasi kwenye usukani. Ukiwa umechoka utaanza kujitetea kwa ufasaha wa wakili, kwa hiyo hukumu iwe imeshaandikwa.

Mlima ukate vipande. Mimi nina viwili tu: Mombo hadi Soni, Soni hadi Lushoto. Ndani ya kipande hesabu ni ya kula: kila dakika ishirini tafuna, kunywa, legeza vidole, nyoosha mgongo. Macho yaangalie mita chache mbele ya tairi. Ukiinua kichwa kutafuta kilele utaona barabara nyingine juu yako, halafu nyingine juu ya hiyo.

Na nusu saa ya kwanza, watu wote wakupite. Hili ndilo gumu kuliko yote kwa Msukuma aliyekulia juu ya baiskeli ya Phoenix, kwa sababu kwetu kupitwa ni matusi. Lifanyie mazoezi. Ukiwa barabarani, kijana akikupita akigeuka kukutazama, mwache aende. Fanya hivyo mpaka moyo usishtuke.

Wiki mbili za mwisho na siku yenyewe

Punguza urefu wa safari, nusu kwanza, kisha chini ya hapo. Utajiona mzito na utashawishika kufanya kilima kimoja cha kujipima. Usifanye. Lala.

Juni hadi Oktoba ni majira mazuri. Masika, udongo wa njia ya Mtae unakuwa utelezi. Kwenye basi toa pedali na tairi la mbele, funga boksi gumu kuzunguka kifaa cha kuhamishia gia, usimamie mwenyewe inavyopakiwa, na bei ya mzigo ipatane kabla buti halijafungwa. Safari ni ndefu na miguu itavimba, kwa hiyo lala Mombo au karibu yake usiku mmoja, ikiwezekana miwili. Urefu kutoka usawa wa bahari usikutishe, Mwanza yenyewe iko juu ya mita 1,100. Anza saa kumi na mbili asubuhi kabla joto halijapanda, na jaketi libebe hata kama pale Mombo litaonekana kichekesho, kwa sababu Lushoto kuna baridi na utafika umeloa.

Kushuka, shika breki na uachie, shika na uachie, mbele na nyuma kwa zamu. Ukizishikilia mfululizo ringi inapata moto na tyubu inaweza kupasuka. Ukisikia harufu ya mpira, simama pembeni ipoe yenyewe. Miguu itakuwa haitaki ngazi za basi, kwa hiyo tiketi ya kurudi Mwanza kata ya keshokutwa.