Kutengeneza chembe za mafuta za kupeleka dawa kwenye mfumo wa limfu: mwongozo wa maabara

Mwongozo huu ni kwa wanafunzi wa famasia na watafiti wa Dar es Salaam wanaotaka kutengeneza chembe ndogo za mafuta zinazobeba dawa hadi kwenye limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye mirija yake yenyewe, tofauti na ile ya damu. Jiji letu lina sababu yake ya kulijali jambo hili. Minyoo ya Wuchereria bancrofti, ambayo hapa huenezwa hasa na mbu aina ya Culex wanaozaliana kwenye vyoo vya shimo na mitaro ya maji machafu, hukaa miaka mingi ndani ya mirija ya limfu, na madhara yake ndiyo tunayoyaona baadaye kama matende na mabusha. Dawa nyingi zikishamezwa hunyonywa na utumbo, hupita kwenye ini, kisha husambazwa na damu, na ni sehemu ndogo tu inayofika kwenye limfu.

Hatua ya 1: Amua njia kabla ya kuamua chembe

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chembe inayochomwa chini ya ngozi na chembe inayomezwa hufuata kanuni mbili tofauti kabisa, na anayezichanganya hupoteza muda na kemikali za bei ghali.

Kwa sindano ya chini ya ngozi, ukubwa ndio unaoamua. Chembe iliyo chini ya nanomita 10 hivi hupenya kwa urahisi kwenye kapilari za damu (mishipa myembamba kabisa) na kuondoka. Iliyozidi sana nanomita 100 hunasa pale pale ilipochomwa. Zilizo kati ya vipimo hivyo haziwezi kupita kwenye kuta za kapilari za damu, lakini huingia kwenye mirija ya limfu, ambayo viungio vya seli zake hufunguka kama mlango wa kusukuma. Chaji nayo ina nafasi yake: tishu iliyo kati ya seli ina chaji hasi, hivyo chembe zenye chaji chanya hugandamana nayo na kuchelewa.

Kwa dawa ya kumeza, ukubwa hupungua umuhimu, kwa kuwa sehemu kubwa ya chembe za mafuta humeng'enywa na vimeng'enya vya utumbo na hazifiki kwenye limfu zikiwa nzima. Kinachoamua ni urefu wa mnyororo wa asidi ya mafuta. Asidi zenye kaboni 14 au zaidi hufungwa tena ndani ya seli za utumbo kuwa kilomikroni, yaani vifurushi vidogo vya mafuta, zikaingia kwenye limfu, zikapita kwenye mrija mkuu wa kifuani na kumwagika kwenye mshipa wa damu karibu na bega la kushoto bila kupita kwanza kwenye ini. Asidi fupi zaidi huelekea ini moja kwa moja. Kwa sababu hiyo, mafuta ya nazi, ingawa yamejaa Pwani yote, si chaguo zuri: karibu nusu yake ni asidi ya lauriki yenye kaboni 12. Mafuta ya alizeti, ambayo asidi zake nyingi zina kaboni 18, yanafaa zaidi.

Hatua zinazofuata zinahusu chembe za kumeza.

Hatua ya 2: Chagua dawa inayopenda mafuta

Dawa husafiri na kilomikroni ikiwa inayeyuka vizuri ndani ya mafuta. Kipimo kinachotumika sana ni logi P (namba inayoonyesha dawa inavyopenda mafuta kuliko maji) iliyozidi 5, pamoja na uwezo wa kuyeyuka angalau miligramu 50 katika kila gramu ya mafuta yenye mnyororo mrefu. Ivermektini ni dawa nzuri ya kujifunzia kwa sababu inapenda mafuta. Hata hivyo, huua zaidi minyoo michanga iliyo kwenye damu kuliko minyoo mikubwa, kwa hiyo kuifikisha kwenye limfu hakumaanishi kwamba umepata tiba mpya.

Hatua ya 3: Tengeneza

Kwa mililita 100, pima gramu 4 za gliserili behenati (mafuta magumu) na gramu 1 ya mafuta ya alizeti yaliyosafishwa kwa matumizi ya dawa. Yayeyushe pamoja kwenye nyuzi 80 za Selsiasi, kisha ongeza dawa kidogo kidogo na uache mara tu unapoona haiyeyuki tena. Kwenye chombo kingine, pasha maji yaliyosafishwa yenye gramu 2 za polisobati 80 (inayosaidia mafuta kuchanganyika na maji) hadi joto hilo hilo. Joto lisipolingana, mafuta yataganda yanapokutana na maji na utapata mabonge. Mimina maji kwenye mafuta huku mashine ya kukoroga ikizunguka kwa kasi, kisha tumia mashine ya mawimbi ya sauti kuvunja matone. Mashine hii ya pili huacha vumbi la chuma, kwa hiyo chuja mchanganyiko ungali wa moto. Baada ya hapo upoze huku ukikoroga taratibu.

Alizeti haikuwekwa kwa ajili ya kilomikroni pekee. Mafuta magumu yakikaa hujipanga upya kuwa fuwele safi na kuisukuma dawa nje. Mafuta ya maji kama ya alizeti huvuruga mpangilio huo.

Hatua ya 4: Pima

Pima ukubwa kwa mtawanyiko wa mwanga baada ya kuzimua sampuli kwa maji yaliyochujwa. Nanomita 200 zinakubalika, mradi kipimo cha tofauti za ukubwa kiwe chini ya 0.3. Rudia vipimo baada ya kuhifadhi sampuli kwenye nyuzi 30, kwa kuwa matokeo ya jokofuni hayatakuambia lolote kuhusu duka la dawa la Mbagala mwezi wa Februari.

Hatua ya 5: Thibitisha kwamba limfu ndiyo iliyopitiwa

Dawa ikiongezeka kwenye damu, bado hujathibitisha njia. Ukiwa na kibali cha maadili, linganisha panya waliopewa sikloheksimidi, inayozuia kilomikroni kutolewa na seli za utumbo, na wasiopewa. Kemikali hiyo ni sumu. Vaa glavu na uitunze chini ya kufuli. Dawa ikipungua sana kwenye damu ya kundi la kwanza, limfu ndiyo iliyokuwa ikiibeba. Tofauti ikiwa ndogo, rudi kwenye uchaguzi wa mafuta na wa dawa kabla ya kuanza kuhangaika na ukubwa wa chembe.