Kliniki Isiyotoza Wagonjwa Mombasa: Jinsi ya Kudai Pesa za SHA na Usifilisike

SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilipochukua nafasi ya NHIF, bima ya taifa ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024, mlango ulifunguka hata kwa kliniki binafsi za mitaani kumtibu mtu bure na serikali ikalipa. Yatakiwa mambo matatu: kliniki iwe ya daraja la 2 au la 3 (ngazi ya zahanati na vituo vya afya), iwe na mkataba na SHA, na mgonjwa awe amesajiliwa. Anayelipa ni Mfuko wa Afya ya Msingi, na pesa zake hutoka Hazina ya serikali, si kwenye michango ya wananchi.

Mhudumu wa kaunta asipoielewa hiyo sentensi ya mwisho, kila siku atagombana na watu. Mtu mwenye homa, kuhara au kidonda akija kwako hadaiwi mchango wowote, usajili wamtosha. Kujifungua, kulazwa na upasuaji ni habari nyingine: hulipiwa na SHIF, mfuko wa SHA unaotokana na michango, na hapo mchango lazima uwe hai. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Muuza mahamri na mwenye bodaboda hukadiriwa kwa mapato ya nyumba yake, isipungue shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. Kwa hivyo mama mjamzito aelezwe siku ya kwanza ya kliniki, angali na miezi ya kujipanga. Asiyeuweza mkupuo aelekezwe kwenye Lipa SHA Pole Pole, mpango wa kulipa mchango kidogo kidogo. Ukimwachia agundue usiku wa uchungu, bili ya shilingi 10,000 ambayo SHA ingelipia uzazi wa kawaida itabaki mikononi mwako.

Kabla ya kuomba mkataba, tandaza karatasi zako zote mezani: leseni ya mwaka huu ya KMPDC, baraza linalosajili madaktari na vituo vya afya, yenye daraja sahihi, cheti cha usajili wa biashara, PIN ya KRA, na barua ya benki yenye nambari ya akaunti. Jina lifanane herufi kwa herufi kote. Leseni ikisema "Kliniki" na benki ikasema "Zahanati", madai yanaweza kukubaliwa na malipo bado yakarudi. Akaunti iwe ya kliniki, si ya mwenye kliniki. Kisha kagua leseni za watu wako mmoja mmoja: afisa wa kliniki, muuguzi, wa maabara, wa dawa, kila mmoja kwa baraza au bodi yake. Leseni ya afisa ikiisha muda, kazi aliyoifanya kwa jina hilo ni vigumu kuidai.

Mkataba ukitoka, kila kitu huamuliwa kaunta. Kabla ya kupima hata presha, hakikisha usajili kwa nambari ya kitambulisho. Asiyesajiliwa asajiliwe papo hapo kwa *147# au kwenye tovuti ya Afya Yangu. Ni bure, na mtoto huingizwa chini ya mzazi. Kisha mgonjwa athibitishwe kwenye mfumo kwa alama ya kidole, naye angali mbele yako. Wachukuzi wa bandarini na wavuvi wana vidole vilivyosagika na mashine hukataa kuvisoma: vioshwe kwa sabuni, vikaushwe, ujaribu kidole kingine. Mgonjwa akishafika kivukoni Likoni, humrudishi tena.

Ugonjwa uandikwe kwa msimbo wake, yaani alama yake kwenye orodha ya magonjwa, na dawa zilingane nao. Ukiandika malaria, pawe na kipimo cha malaria na jibu lake; antibiotiki peke yake itazua swali. Ziara ifungwe siku hiyo hiyo. Mtandao au stima ikipotea, andika kwenye daftari la karatasi jina, nambari, saa na matibabu, uingize pindi mtandao unaporudi.

Sasa pesa zenyewe. Malipo ya SHA yahesabu kama deni linalokuja, wala usiyapangie mshahara wa mwezi huu. Tuseme unaona wagonjwa 40 kwa siku na dawa pamoja na vipimo vinakula shilingi 250 kwa kila mmoja: ni 10,000 kwa siku, 260,000 kwa siku 26 za kazi. Malipo yakichelewa miezi mitatu, ni 780,000 zimetoka na hazijarudi, kabla ya kodi ya nyumba na stima. Kama huna akiba hiyo wala muuza dawa wa jumla atakayekukopesha, maoni yetu ni kungoja. Kliniki yaweza kujaa wagonjwa na bado ikauawa na pesa zinazochelewa.

Dawa zikipungua, kishawishi cha kwanza ni kumtoza mgonjwa mia mbili "za faili" na bado ukadai SHA. Usithubutu. Huduma isiyo kwenye mkataba ielezwe kabla ya kutolewa, kwa risiti, na orodha ya huduma za bure ibandikwe ukutani kwa Kiswahili. Kishawishi cha pili ni kibaya zaidi: kugeuza mgonjwa wa kuja na kurudi awe wa kulazwa. Mwaka 2025 Wizara ya Afya ilisimamisha vituo kwa mambo kama hayo, pamoja na madai ya wagonjwa hewa. Kliniki ya daraja la 2 isiyo na kitanda ikidai usiku tatu haihitaji mpelelezi.

Kila mwisho wa mwezi linganisha rundo tatu: daftari lako, madai uliyotuma, na pesa zilizoingia. Yaliyokataliwa yatenge kwa sababu: kosa la jina, msimbo, au mgonjwa kutothibitishwa. La jina na la msimbo hurekebishika. La tatu mara nyingi limepotea, basi ukiliona linajirudia, mtazame anayekaa kaunta zamu hiyo. Kwa yaliyosalia, peleka orodha iliyochapwa, yenye nambari ya kila dai, kwa ofisi ya SHA ya kaunti, na uondoke na nakala iliyopigwa muhuri.