Barabara ya kona nyingi, watoto nyuma

Mkisafiri na watoto kupita vijijini, pangeni kwanza nani anakaa wapi, mizigo baadaye. Watoto wa miaka 2 hadi 12 ndio wanaosumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari. Sikio la ndani linahisi gari likipinda, macho yametulia kwenye simu, ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, mtoto anatapika, na anayechafuliwa nguo ni yule aliyekaa jirani. Kwa hiyo simu na vitabu vya picha vingoje mpaka mtakaposimama. Mtoto atazame mbali mbele, kule kwenye vilima, si miti inayopita kasi ubavuni. Mpeni kazi: ahesabu ng'ombe, atafute mto. Fungueni dirisha kidogo, na ale chakula chepesi kabla ya kuondoka. Tumbo tupu kabisa nalo halisaidii. Dawa ya kichefuchefu hutolewa kabla ya safari, si akishaanza kutapika, na mfamasia ndiye wa kuulizwa kipimo cha umri wake.

Akilia, simamisheni gari ndipo afunguliwe mkanda. Shangazi akitaka kumpakata, ampakate hapo mliposimama. Najua ni vigumu kumwambia shangazi hivyo, basi dereva aseme mapema, kabla gari halijawashwa.

Mkiwa magari mawili, lenye watoto wadogo litangulie, lipange mwendo. Na mkubaliane mahali pa kukutana mtandao ukiwa bado upo.