Namna ya Kuanzisha Chama cha Maharage Kasulu Kinachoongozwa na Wakulima Wenyewe

Mkulima mdogo wa maharage wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, mara nyingi huuza kwa debe lililofurika au kwa gunia la lumbesa, yaani lililojazwa kupita kiasi, na bei hutajwa na mnunuzi. Kwa hiyo wanaotaka haki katika biashara ya chakula waanze na mzani, kabla hata ya semina: wachange fedha, wanunue mzani wao, waupeleke kwa Wakala wa Vipimo ukahakikiwe, kisha wakubaliane kwamba hakuna mwanachama atakayeuza mzigo usiopimwa kwa kilo.

Usajili si mgumu. Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013 inaruhusu chama cha msingi cha wakulima kuanza na watu 20, na afisa ushirika wa halmashauri huelekeza maombi. Panapohitaji umakini ni kwenye masharti ya chama. Yaandikwe wazi kwamba mjumbe wa bodi ni lazima awe analima mwenyewe, na kwamba mfadhili, mnunuzi, na hata diwani, wanaweza kushauri lakini hawapigi kura. Uanachama usifungwe kwa mkuu wa kaya peke yake, kwa sababu wanawake hufanya sehemu kubwa ya palizi na upuraji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inawapa haki ya kumiliki ardhi sawa na wanaume. Hatimiliki ya kimila iandikwe majina ya mume na mke.

Kwa mbegu, upo mfano wa kuigwa kutoka Mississippi, Marekani, ambako Fannie Lou Hamer, mwanaharakati wa haki za kiraia, alianzisha ushirika wa Freedom Farm mwaka 1969 kwa ajili ya familia maskini, nyingi zikiwa za Wamarekani weusi. Familia ilikopeshwa nguruwe jike, ikabaki na watoto wake, naye nguruwe mama akarudishwa ili ipewe familia nyingine. Maharage yanafaa kwa utaratibu wa namna hiyo, kwani hujichavusha yenyewe na mbegu iliyochaguliwa vizuri hutunza sifa zake kwa misimu kadhaa, tofauti na mahindi chotara. Mwanachama akope debe moja, arudishe moja na nusu baada ya mavuno.

Kabla ya kupokea mzigo ghalani, tikisa punje pamoja na chumvi kavu ndani ya chupa kavu ya kioo. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, maharage bado yana unyevu, yaanikwe tena. Ghala liwe na kufuli mbili, na funguo zishikwe na watu wawili wasio ndugu.

Katika kutafuta soko, wanawake au vijana wa chama wasajili kikundi chao, kwa kuwa taasisi za umma zinatakiwa kutenga asilimia 30 ya ununuzi wa mwaka kwa makundi maalumu. Zabuni ya kwanza iwe ya shule moja tu ya bweni. Malipo yakichelewa, chama kisicho na akiba kitalazimika kumwuzia mlanguzi maharage yaliyobaki, tena kwa bei yake.