Anaimba ba be bi bo bu ila kusoma hajui? Jaribu hivi

Walimu wenzangu, na wazazi mnaofundisha nyumbani pia, hebu fanyeni kajaribio haka kesho. Mchukue mtoto anayetiririka ba be bi bo bu bila kukosea, weka kidole kwenye "bo" peke yake umuulize hii ni nini. Wengi utaona midomo inacheza kimyakimya, ba... be... bi... mpaka afike. Huyo hasomi, anaimba. Mimi nilikaa na darasa la hivyo karibu muhula mzima nikijisifu wameiva, siku nilipoandika silabi zilezile ubaoni nikazichanganya, kimya kama maji ya mtungini.

Silabi zenyewe hazina kosa, Kiswahili kinasomeka vizuri sana kwa silabi, irabu ni 5 tu na kila moja sauti yake ni ileile popote uikute. Shida ni staili moja kila siku, ticha anagonga ubao wote wanaitikia, na kwenye kuitikia kwa pamoja asiyejua anajificha raha mustarehe.

Anza na sauti, majina ya herufi yasubiri. Ukimfundisha "em" halafu "a", atakusomea mama hivi: em-a-em-a, na hapo usimlaumu, si ndo ulivyomfundisha. Mwambie afunge midomo aseme mmmm halafu aiachie aaa. Wala usikimbize alfabeti yote, chukua irabu 5 na m, k, t, l basi. Hapo una silabi 20 tayari, na ndani yake kuna mama, kaka, kuku, kiti, moto, meli, lala, kula, yaani mtoto anasoma maneno kamili wakati wa kufika z bado kabisa.

Halafu kadi. Kata vikaratasi, kila kimoja silabi moja, gawa kwa watoto wawili wawili wajenge maneno yao. Nilikuwa na dogo mmoja, mkono hanyooshi hata umbembeleze, siku hiyo kapanga ka-ta, akazungusha kadi ikawa ta-ka, akanyanyua kichwa kuniangalia kama mtu aliyeshikwa anaiba sukari. Baadaye akapata li-ma na ma-li mwenyewe, sikumwambia kitu. Kadi haziimbiki ndo maana nazipenda.

Kuna pa kwenda taratibu. Maneno kama mtu na mti, watoto wengi wanachomeka irabu wanasoma "mutu". Pigeni makofi: m-tu mawili, m-to-to matatu, ila mbu-zi ni mawili kwa sababu hapo m imeegemea b haisimami peke yake. Ng'ombe na ngoma usizilete siku moja, ile alama ndogo inabadilisha sauti nzima na mtoto wala haioni. Maneno marefu nayo, mfano wanapocheza, funika na karatasi uwe unafunua kidogo kidogo, wa, wana, wanapo, mpaka mwisho, hofu inaisha.

Wakishashika maneno kidogo ingiza hadithi, fupi tu. Soma wewe kwanza kwa mbwembwe zote, rudia sentensi moja moja wakufuate wakiwa wanaangalia maandishi, kisha wasomeane wawili wawili. Kabla ya kufunua ukurasa simama uulize mnadhani nini kitatokea, maana yupo anayesoma kila neno sawasawa ukimuuliza hadithi inahusu nini anakodoa macho tu.

Makundi ya wanaoweza na wasioweza mimi sipendi yawe ya kudumu, mtoto akishajua yuko kundi la nyuma anastarehe hukohuko. Panga upya mara kwa mara. Ili ujue nani yuko wapi msikilize mmoja mmoja, dakika moja tu inatosha, na darasa likiwa kubwa sikiliza 5 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa umefikia 25.

Akikwama hapo usimrukie na jibu. Hesabu kimoyomoyo mpaka 5, mara nyingi anajitoa mwenyewe kabla hujafika 4. Na b na d wakizichanganya usipaniki, mwanzoni wengi ndo walivyo, ila usizifundishe wiki moja, moja ikae kwanza ndo ulete mwenzake.